Je, Wajua Kwa Nini Barua ya Kuomba Kazi Huwa na Anwani Mbili?

"Ami, nitolee hii nakala tatu." Kijana amesimama kwenye saiba moja karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, bahasha ya kaki kwapani. Karatasi ya kwanza inatoka, mwenye saiba anaitupia jicho. "Mwanangu, waomba kazi kwa wakala wa mizigo Kilindini, mbona hapa chini wasema umevutiwa na hoteli yao ya Diani?"

Kumbe barua ni ya rafikiye. Alichobadilisha ni anwani tu.

Na tuanzie hapo kwenye anwani. Kwa nini mbili, ya mwandishi kulia na ya mwandikiwa kushoto, ilhali bahasha nayo ina yake? Jibu liko masijala. Katika ofisi za zamani barua haikufunguliwa na mkubwa. Aliifungua karani, akaigonga muhuri wa tarehe, bahasha ikaenda jaani na karatasi ikatiwa kwenye faili. Tangu hapo karatasi ilitembea meza kwa meza peke yake, kwa hiyo ilibidi yenyewe iseme imetoka kwa nani, yaenda kwa nani, na jibu lipelekwe sanduku gani la posta.

Lile KUH:, yaani kuhusu (wengine shuleni tuliandika MINT:, yaani mintarafu), lilimsaidia karani huyohuyo kujua faili bila kusoma barua nzima. Wanaoandika kwa Kiingereza, nao ndio wengi mjini hapa, huweka RE: wakidhani ni kifupisho. Si kifupisho, ni neno zima la Kilatini, maana yake "katika jambo la".

Siku hizi maombi mengi hupita kwenye baruapepe, na kazi ya KUH: imehamia kwenye mstari wa mada. Ukiuacha mtupu, au ukaandika "Habari", umemnyima karani wa leo kile alichokipata karani wa jana. Andika "Ombi la kazi ya karani wa ghala", na kama tangazo lina nambari ya kumbukumbu, iweke hapo hapo. Na jamani, faili la wasifu liitwe jina lako, si "CV mpya ya mwisho 2".

Sasa mwili wa barua, ambao ndio unaowaangusha wengi. Tulioandika barua rasmi kwenye insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, tulizoea kupata alama kwa sura: anwani, tarehe, mtajo, sahihi. Mwajiri hana alama za kugawa. Ana tangazo lake, na kila anachosoma anakilinganisha nalo. Akikutana na "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninayejituma", hana cha kulinganisha, maana hata mvivu huandika hivyo hivyo.

Kuhusu viambatisho nisikuchoshe: tuma kilichoombwa, basi. Ila wengi hukimbilia kulipia cheti cha tabia njema na vibali vingine kabla hata ya kuitwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mwajiri haruhusiwi kudai vyeti vya aina hiyo mpaka awe amekusudia kukupa mkataba. Nauli ya matatu yatosha kukuumiza kichwa.

Turudi saiba. Mwenye duka ameishika ile karatasi, hajaitoa nakala ya pili.

"Umewahi kugusa kazi ya mizigo wewe?"

"Nilikuwa nahesabu magunia godauni moja Shimanzi. Miezi minne. Lori likiingia nahesabu, likitoka nahesabu, jioni natia sahihi kwenye daftari."

"Hesabu ilipotea siku ngapi?"

"Siku moja, mara moja. Tukaipata kesho yake, lori lilikuwa limeandikwa mara mbili."

"Na hayo yako wapi humu?"

Kijana akaisoma barua juu mpaka chini. Hayakuwamo. Akavuta kiti, akaanza kwa kuifuta Diani.