“Hana kichwa cha hesabu”? Tazama daftari lake kwanza

Walimu wa kidato cha kwanza Tanzania wana haki ya kulalamika: mwanafunzi kafaulu darasa la saba, lakini 52 kutoa 38 inamshinda. Tatizo ni hukumu tuliyoizoea, kwamba hesabu ni kipaji na huyu hakujaliwa.

Jibu linalojirudia ni 26, na halikubahatishwa. Kwenye mamoja ameona 2 haitoshi kutoa 8, akageuza: 8 kutoa 2, 6. Makumi, 5 kutoa 3, 2. Mpe 83 kutoa 47, ataandika 44. Anafuata kanuni tena kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe mbovu, na alama ya kosa haimwonyeshi ilipo.

Mtihani nao umechangia, kwa maoni yangu. Mwaka 2012 Hisabati ya darasa la saba ilihamia kwenye kuchagua herufi, na herufi haionyeshi njia.

Kinachokosekana ni thamani ya nafasi: kuona kwamba 52 ni makumi manne na mamoja 12 pia. Vizibo vya soda na mafungu ya vijiti kumikumi vinatosha kuirudisha, hata kidato cha kwanza. Muulize tu, “Umepataje?”, kabla ya kusahihisha.