Boti Ikinguruma Tezini: Yanayosemwa Kuhusu Stendraivu, na Ukweli Wake

Boti nyingi za Kunduchi, Msasani na Kigamboni zinasukumwa na mashine za kuning'iniza nyuma. Kwa hiyo mwenye stendraivu hapa Dar hupewa ushauri mwingi, na mwingi wake ni wa mashine nyingine kabisa.

Stendraivu, ambayo Volvo Penta waliiingiza sokoni mwaka 1959, huweka injini ndani ya boti kama ya gari. Shafti hutoboa ukuta wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, na kuingia kwenye gia zilizo nje, majini. Sehemu hiyo ya nje nitaiita mguu. Shafti yenyewe ina krosi, yaani viungo vinavyoiruhusu kupinda, kama za propela shafti ya lori, inabebwa na beringi pale inapopita ukutani, na krosi zote zimevikwa buti la mpira lenye mikunjo. Buti hilo tutalirudia.

"Panga limepinda." Panga ndiyo propela inayosukuma boti, na hili ndilo la kwanza utakaloambiwa. Mimi boti yangu ilipoanza mngurumo nikirudi kutoka kisiwa cha Mbudya, nilibadilisha panga, nikaazima jingine, mngurumo uko palepale. Panga lililopinda hutikisa boti ukiwa kwenye gia, na mtikisiko huzidi kadiri unavyoongeza mwendo. Ukitoa gia, unakoma. Wangu haukukoma.

Hapo ndipo fundi mmoja akanipa dhana ya pili: kelele ikisikika nyutro, basi ni ya injini, mguu hauhusiki. Si kweli. Shafti ile ya krosi huzunguka muda wote injini inapowaka, gia iwe imeingia au haijaingia. Beringi mbovu itanguruma hata ukiwa umefunga kamba gatini.

Kipimo ni rahisi na hakidai kifaa. Boti ikiwa majini, fungua mfuniko wa injini, nusa kama kuna mvuke wa petroli kabla ya kuwasha, kisha iache iungurume taratibu nyutro. Zungusha usukani polepole hadi mwisho wa kulia, halafu kushoto. Sauti ikikua unapokata na kufifia unaponyoosha, tatizo liko pale shafti inapopinda. Beringi hunguruma mfululizo kama jiwe la kusagia. Krosi hugonga, ta-ta-ta, hasa ukikata kona kali kwa mwendo mdogo. Sauti isiyojali usukani hata kidogo, itafute kwingine: kapulingi (kiungo cha injini na shafti), pampu, mikanda. Mwambie fundi kelele inatokea wakati gani. Kumwigizia sauti kwa mdomo kunachekesha, lakini hakumsaidii sana.

Usikubali kuwashiwa boti nchi kavu bila maji "sekunde chache tu tusikilize." Impela, yaani kizungusha maji cha ndani ya pampu, ni ya mpira na inalainishwa na maji yaleyale inayoyavuta. Ikizunguka kavu inaungua upesi mno, na vipande vyake huenda kuziba njia za kupozea injini. Mpira wa bustani na vikombe vya kubana kwenye matundu ya maji vinatosha.

"Beringi ni beringi, pima uende Kariakoo." Kwa mashine ya kukoboa, sawa. Beringi ya ukuta wa tezi ni tofauti: imekaa ndani ya gamba la mviringo linaloiruhusu kujigeuza kidogo ili ilingane na shafti. Ukiweka ya kawaida yenye kipimo kilekile, haitajigeuza. Hata ukiweka yenyewe hasa, kazi haijaisha. Injini lazima ilinganishwe na shimo la beringi. Fundi hupitisha fimbo ndefu ya chuma iliyochongwa kwa kazi hiyo, ipite kwenye beringi hadi kwenye meno ya kapulingi. Ikigoma, anapandisha au kushusha injini kwenye vikalio vyake vya mbele mpaka fimbo iingie na kutoka kwa kusukumwa na vidole tu. Asiye na fimbo hiyo atakufungia beringi mpya, nayo itanguruma tena mapema kuliko ulivyotarajia. Ukweli ni kwamba hapa ndipo pesa nyingi za wenye stendraivu zinapopotelea.

Na grisi? Grisi huzuia, haitibu. Beringi iliyokwisha kuingia chumvi ukiishindilia grisi itanyamaza siku mbili tatu.

"Ukifika, pandisha mguu juu, usikae majini." Huu ni ushauri mzuri kwa mashine ya nje, ambayo ukiinyanyua inatoka majini yote. Mguu wa stendraivu hautoki wote, na ukikaa umepandishwa buti hubaki limevutwa upande mmoja wiki nzima, mpira unachoka na kupasuka kwenye mikunjo. Boti ikiwa imefungwa, ushushe. Kwa kutu kuna zinki, vipande vya madini vinavyofungwa kwenye mguu, ambazo hazipakwi rangi kamwe, maana kazi yake ni kuliwa badala ya mguu.

"Oili imekuwa nyeupe, mwaga uweke mpya." Oili ya gia yenye rangi ya maziwa imeingia maji, na maji yana mlango. Badilisha oili bila kutafuta sili iliyokufa na utaikuta nyeupe tena. Fungua skrubu ya chini asubuhi, boti ikiwa imelala usiku kucha: maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Utelezi wa chuma laini kwenye sumaku ya skrubu ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha si vya kawaida. Oili mpya hupandishwa kutoka tundu la chini hadi itokeze la juu, ili hewa isibaki. Aina gani, soma kitabu cha mguu wako, kwa sababu baadhi ya miguu ya zamani ya Volvo Penta hutumia oili ya injini.

"Haijatembea mwaka huu, haina haja ya sevisi." Vitabu vingi husema saa 100 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Mpira haujui kama umetembea.

Nirudi kwenye buti. Pale lilipo ni chini ya usawa wa maji. Likipasuka, maji ya chumvi yanaijaza nafasi ya krosi, yanaozesha beringi, kisha yanapita humohumo kwenye beringi hadi ndani ya boti. Buti la kwangu lilikuwa na ufa wa chini, usioonekana mpaka upitishe kidole kwenye kila kunjo. Wiki kadhaa kabla ya mngurumo, mlinzi alikuwa ameniambia pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yaliyoingia chini ya boti, inawaka yenyewe usiku. Nilimjibu ni mvua za masika.