Vijiti vya muhogo vya kupewa: kagua kabla hujapanda

Kila mvua zinapokaribia, wakulima wa Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe mkoani Kigoma hutuletea sisi wataalamu wa kilimo mihogo iliyooza wakitaka dawa. Tuelewane mapema: batobato na michirizi ya kahawia ni magonjwa ya virusi. Hakuna dawa ya kupulizia wala mbolea inayoponya mmea uliokwisha kuugua. Anayekuuzia hiyo "dawa" anakuibia.

Hatuna ugomvi na mkulima anayejitegemea kwa mbegu. Muhogo huvumilia ukame na udongo uliochoka, husubiri shambani hadi uuhitaji, na mashina yake, yakikatwa vijiti, ndiyo mbegu ya msimu ujao. Tatizo ni kwamba mashina hayo hayo hubeba ugonjwa. Nzi weupe huutoa shamba moja na kuupeleka la jirani. Safari ndefu tunausafirisha wenyewe, kwenye buti la basi au nyuma ya bodaboda.

Batobato wengi mnaijua kwa majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano. Michirizi ndiyo inayodanganya. Tazama majani ya chini yaliyokomaa, si ya juu: umanjano hufuata vishipa vya jani. Tazama pia kama sehemu ya shina iliyo bado kijani ina michirizi ya kahawia. Hata hivyo mmea unaweza kuonekana mzima huku muhogo wake una uozo mkavu ndani. Kwa hiyo ng'oa, kata mihogo yake uione ndani, na ikiwa mizima ndipo uchukue vijiti. Na jamani, hii habari kwamba muhogo mchungu hauugui iishe. Uchungu unatokana na sianidi, sumu iliyomo kwenye muhogo, na virusi havina habari nayo.

Weka alama kwenye mimea mizima wakati majani bado yapo, maana kiangazi kikishayapukutisha utakuwa unabahatisha. Kupanda mnajua.

Ukianza kuuza, mambo ni mengine. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iko chini ya usimamizi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu: mzalishaji husajiliwa, na shamba hukaguliwa mimea ikiwa bado imesimama. Vijiti vilivyokwisha kufungwa mafungu havikaguliki, kwa hiyo usituite siku mteja amefika na gari. Tunza kielelezo cha ulikopata mbegu mama, mkaguzi atakiuliza. Mbegu za daraja la kuazimiwa ubora (QDS), yaani zile ambazo mzalishaji mwenyewe ndiye anayetamka ubora wake, zina mipaka ya eneo la kuuzia, na usajili haukupi ruhusa ya kuzipeleka popote.

Vijiti kutoka Burundi, hata kama ni zawadi ya shemeji, vinahitaji kibali cha kuingiza mimea cha TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla havijaondoka huko, pamoja na cheti cha usafi wa mimea cha nchi vinakotoka. Usitegemee kuanza kuomba kibali mzigo ukiwa umeshafika mpakani Manyovu. Visivyo na nyaraka huzuiwa na vinaweza kuteketezwa, na mhusika anaweza kufikishwa mahakamani kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kusema hukujua hakutakusaidia.

Mimea migonjwa ing'olewe mapema, hasa miezi 3 ya kwanza, na ichomwe. Usiiache kando ya njia, kuna atakayeokota. Ukiigundua wakati wa kuvuna, usiogope, virusi hivi haviambukizi binadamu: ondoa sehemu iliyooza, iliyobaki iandae kama kawaida ule. Mashina yake usimpe mtu.