Je, wajua kwa nini sura za wagombea hugeuka bluu ukutani?

Pita Manzese, Buguruni au Mwananyamala jijini Dar es Salaam miezi kadhaa baada ya uchaguzi, na kamera mkononi au hata simu tu, utamkuta kwenye ukuta wa duka: mgombea udiwani mwenye ngozi ya bluu, midomo ya bluu na tabasamu la bluu. Chini yake mama anakaanga mihogo, bodaboda wanagombania abiria, na hakuna anayemshangaa. Wapiga picha za mitaani hulipenda sana bango la namna hii, maana linaikoleza picha ambayo bila hilo ingekuwa ya mihogo tu.

Bango la karatasi huchapwa kwa wino wa aina nne: sayani (bluu ya maji ya bahari), majenta (waridi iliyokolea), njano, na nyeusi. Rangi nyingine zote unazoziona ni vitone vya hizo nne vilivyopandana. Kijani cha CCM ni sayani na njano. Zambarau ya ACT-Wazalendo ni sayani na majenta. Nyekundu ya CHADEMA ni majenta na njano. Ngozi ya binadamu wa kwetu ni njano na majenta kwa wingi, sayani kiasi, na nyeusi ya kutia kivuli. Bango likikaa juani, njano na majenta huondoka, sayani na nyeusi hubaki. Basi kijani huwa bluu, zambarau huwa bluu, uso huwa bluu. Nyekundu, kwa kuwa haina sayani ndani yake, hupauka ikawa waridi na baadaye karibu nyeupe. Vyama visivyokubaliana hata mahali pa kufanyia mkutano hufika rangi moja ukutani, na hakuna aliyehama chama.

Hapo ndipo ubishi wa kijiweni huanza. Wengine husema ni kamera. Simu kweli huweza kuipaka bluu picha iliyopigwa kivulini, lakini ingekuwa hivyo, mihogo nayo ingegeuka bluu, na haijageuka.

Wengi zaidi husema joto limeunguza rangi. Hili lina mvuto kwa jiji ambalo mwezi Januari bati halishikiki. Lakini tafuta ukuta ambako bango moja lilibandikwa juu ya jingine, likakaa, kisha likachanika. Pale lilipochanika utaona kipande cha bango la chini chenye kijani chake na njano yake kama lilivyotoka kiwandani, na mpaka kati ya kipande hicho na sehemu iliyopauka umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Joto lingepita kwenye karatasi nyembamba namna ile bila taabu. Kilichozuiwa ni mwanga. Joto na unyevu wa pwani husaidia kuharakisha kazi, ila anayeianzisha ni mwanga, hasa ule wa urujuanimno usioonekana kwa macho.

Halafu kuna hoja ngumu kuing'oa kuliko zote: kwamba bluu ndiyo rangi sugu, kwa asili yake. Fungua albamu ya familia yenye picha za rangi za miaka ya 1970. Nyingi zimekuwa nyekundunyekundu, kwa sababu kwenye karatasi za picha za wakati ule rangi ya sayani ndiyo iliyokuwa dhaifu, ikafa ndani ya kabati, gizani, bila kuona jua. Jinzi nayo ni bluu, na kila mtu anajua inavyoisha. Kuna hata kipimo cha kimataifa cha uvumilivu wa rangi mbele ya mwanga, chenye ngazi 1 hadi 8, na kinachotumika kupimia ni vipande vinane vya sufu iliyotiwa rangi ya bluu. Vyote ni bluu. Cha kwanza hupauka upesi, cha nane huchukua muda mrefu mno. Kama bluu ingekuwa sugu kwa kuwa bluu, kipimo hicho kisingewezekana kutengenezwa.

Waliosoma fizikia kidogo huleta maelezo bora: wino wa njano huonekana wa njano kwa sababu humeza mwanga wa bluu, ambao una nguvu nyingi, na sayani humeza mwanga mwekundu, ambao nguvu yake ni ndogo. Kwa hiyo njano hupigwa zaidi. Ni kweli, lakini haitoshi. Rangi nyekundu ya oksaidi ya chuma, ile wanayopaka mafundi kwenye mageti na vyuma vya ujenzi, na ambayo ndiyo inayoupa udongo wekundu wake, humeza mwanga huohuo wa bluu na kukaa juani miaka na miaka. Inategemea kitu kimejengwaje.

Chukua uzi wa shanga. Molekuli za wino wa njano na majenta zina mnyororo wa atomi ulioshikana kwa namna ambayo elektroni huweza kutembea kutoka kiungo hadi kiungo, na ni matembezi hayo yanayomeza mwanga na kutupa rangi. Mwanga wenye nguvu, pamoja na oksijeni, ukiukata uzi mahali pamoja tu, shanga zote bado zipo, hakuna iliyopotea, ila huwezi tena kuzivaa. Ndivyo ilivyo kwenye bango: sehemu kubwa ya wino ulioacha kuwa njano ingali pale pale ukutani. Imepoteza mpangilio uliokuwa ukiifanya njano. Sayani ya wachapaji, fthalosianini, si uzi bali ni kama shanga zilizofumwa duara, nyuzi zikivukana kila upande, na atomi ya shaba katikati. Nguvu ya mwanga inapoingia humo husambaa na kutoka kama joto kabla haijapata mahali pa kukata.

Rangi ya jamii hiyo, yenye chuma badala ya shaba katikati, ilijitokeza kwa bahati mwaka 1928 huko Grangemouth, Uskoti, pale chombo cha kiwandani kilipopasuka bitana yake, chuma kikagusana na kemikali, na uchafu wa bluu ukajitokeza. Ile ya shaba ilianza kuuzwa mwaka 1935. Umbo lake la duara linafanana sana na la klorofili ya majani, jambo lisilomsaidia chochote mwenye bango la kijani.

Kwenye kile kipimo cha sufu, majenta na njano za kawaida za ofseti, yaani za mitambo ya kuchapa kwa wingi, huwa karibu ngazi ya 5; sayani na nyeusi hufika 8. Kila ngazi huongeza muda kwa takriban mara mbili, kwa hiyo tofauti ni kubwa. Zipo njano na majenta zinazovumilia zaidi, kwa bei ya juu, lakini kampeni huchukua kama miezi miwili, na mchapaji hana sababu ya kumuuzia mgombea rangi itakayoishi kuliko udiwani wake.

Je, mpiga picha anaweza kukadiria umri wa bango kwa ubluu wake? Kidogo. Dar iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hufika utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na Oktoba 10, yaani kampeni za uchaguzi mkuu zikiwa zimepamba moto. Jua la namna hiyo hushuka wima na kukwaruza tu ukuta. Kazi kubwa hufanywa na jua la asubuhi kwenye kuta za mashariki na la alasiri kwenye za magharibi. Mabango yanayobaki baada ya masika ni yale yaliyo chini ya upenu, yaliyokwepa mvua lakini si jua la pembeni, na huenda ndiyo sababu tunayaona ya bluu kwa wingi: mengine yameshachanika.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 27, 2024 na uchaguzi mkuu Oktoba 29, 2025, hivyo ukuta mmoja unaweza kubeba mabango ya chaguzi zote mbili. Linganisha yaliyo upande mmoja, karatasi kwa karatasi, kwani yale ya turubai huchapwa kwa wino mwingine uliokusudiwa kukaa nje. Ukitaka uhakika, achana na uso, soma maandishi. Wino mweusi ni masizi, na masizi hayapauki. Tarehe ya kupiga kura iliyochapwa nyeusi itasomeka mgombea akiwa ameshafutika. Iliyochapwa nyekundu ilikwenda na njano.