Uzamivu wa TEHAMA si kuunda mfumo mkubwa

Wengi huamini kwamba shahada ya uzamivu katika TEHAMA hupatikana kwa kuunda programu kubwa. Sivyo. Watahini hupima maarifa mapya. Programu ni ushahidi tu, na zipo tasnifu za uthibitisho wa kihisabati zisizo na programu yoyote.

Anza na swali ambalo jibu lake laweza kuwa "hapana". Kisha linganisha mbinu yako na mbinu bora iliyopo, kwa data ileile na kompyuta ileile. Matokeo yakibadilikabadilika, rudia jaribio mara 10 au zaidi, utoe wastani pamoja na mtawanyiko, yaani kiasi ambacho matokeo yanatofautiana. Inasikitisha kuona mtu akijenga mfumo kwa miaka 2 kabla ya kuwa na swali: hata mfumo huo ukifanya kazi vizuri, hauthibitishi lolote.