Sobremesa ni nini?

Ukialikwa chakula cha mchana na Wahispania, tuseme Jumapili mjini Zaragoza, utamaliza kula mapema kuliko shughuli yenyewe. Sahani zimeondolewa, matunda yameliwa, na bado hakuna anayeinuka. Mwenye nyumba anauliza nani anataka kahawa, viti vinasogezwa nyuma kidogo, na maneno ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Muda huo, tangu tonge la mwisho hadi mtu wa kwanza kunyanyuka, ndio unaoitwa sobremesa. Huweza kuwa nusu saa tu. Jumapili, kukaa kwa muda wa saa mbili ni jambo la kawaida, na siku ya Krismasi sobremesa ya mchana huweza kwenda mpaka ikakutana na chakula cha usiku.

Sharti lake kubwa ni meza. Kwetu pwani mkishanawa mikono, shughuli ya mlo imekwisha: wageni huhamia sebuleni au barazani, na huko ndiko soga zinakonoga. Wahispania hawahami. Hubaki palepale, mbele ya makombo ya mkate, maganda ya machungwa na vikombe vidogo vya kahawa, na mtu akiharakisha kufuta meza huonekana kama anawafukuza watu. Mgeni anayeaga mara tu baada ya kuweka kijiko chini huacha maswali nyuma yake. Kaudhika? Chakula hakikumpendeza?

Kahawa huja nyeusi, au yenye maziwa kiduchu, ambayo wao huiita cortado. Kisha hutoka chupa za pombe: pacharán ya Navarra, orujo ya Galicia, au brandi inayomiminwa ndani ya kahawa yenyewe. Zamani kulikuwa na utatu mtakatifu wa wanaume, yaani kahawa, bilauri na sigara nene ya puro. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2011 ilipiga marufuku uvutaji ndani ya mabaa na mikahawa, kwa hiyo puro ikahamia kwenye meza za nje. Mwezi wa Desemba mezani hujaa turrón, yaani vipande vitamu vya lozi na asali, na polvorón. Hii ya pili ni biskuti laini mno, huminywa ndani ya karatasi yake kabla ya kufunguliwa, la sivyo humwagika kama unga. Kuna mchezo wa familia wa kujaza polvorón mdomoni kisha kujaribu kutamka "Pamplona". Aliyekaa mbele yako ndiye anayeumia.

Huzungumzwa nini? Kila kitu: siasa, mpira, nani kaachana na nani, shamba la babu ligawanywe vipi. Watu huongea kwa pamoja, huingiliana maneno na kupaza sauti, na mgeni anaweza kudhani ugomvi umezuka. Ukisubiri zamu yako kwa adabu, hutasema neno hadi jioni. Katika chakula cha kibiashara nako desturi ni kwamba jambo lililowakutanisha haliguswi wakati wa supu. Huletwa kahawa inapoletwa. Anayeanza kutaja bei huku mwenzake ana samaki mdomoni hujiharibia mwenyewe.

Wengi huchanganya sobremesa na siesta. Siesta ni kulala, sobremesa ni kukaa macho mkizungumza, na mara nyingi moja huila nyingine. Hata televisheni za huko huita vipindi vya mchana kwa jina hili. Baada ya taarifa ya habari ya saa tisa hufuata tamthilia, na kwenye chaneli ya La 2 huja filamu za wanyamapori. Filamu hizo za La 2 zimekuwa mzaha wa taifa zima: kila mtu husema huzitazama, na kila mtu anajua kwamba mwenzake huzisinzilia. Nyumbu wanavuka mto Mara, na babu yuko kwenye kochi anakoroma.

Saa zao za kula nazo huwashangaza wageni. Mlo mkuu huliwa kati ya saa nane na saa tisa na nusu mchana, na cha usiku saa tatu au saa nne. Haraka haraka watu husema ni uvivu. Mimi naona waangalie jua kwanza. Madrid iko magharibi ya Greenwich, lakini mwaka 1940 serikali ya Franco, dikteta wa Hispania wa wakati huo, ilisogeza saa mbele ili ilingane na Ulaya ya kati, na nchi ikabaki hapo hadi leo. Ukiongeza na saa moja ya majira ya kiangazi, mwezi wa Julai jua la Madrid hufika kileleni kama saa nane na robo. Kwa hiyo anayeketi kula saa nane anakula adhuhuri, kama wakulima wa popote pale.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba nchi nzima hukaa mezani kila mchana. Siku za kazi wafanyakazi wengi wa mijini hula chakula walichokuja nacho toka nyumbani na kurudi kwenye kompyuta. Wengine huingia mkahawani kwa menú del día, yaani sahani mbili, mkate, kinywaji, kisha kitindamlo au kahawa, vyote kwa bei moja, na kuondoka. Sobremesa ya kweli ni ya wikendi, likizo na sikukuu. Na kuna jambo ambalo sifa zake nyingi hulipita kimya: kwa vizazi vingi waliokuwa wakiinuka kuchemsha kahawa na kuosha vyombo walikuwa wanawake, huku wanaume wakiendelea kupanga serikali mpya. Familia nyingi za sasa hugawana kazi hiyo, lakini si zote.

Tahadhari moja kwa wanaozungumza na watu wa Msumbiji, Ureno au Brazili: kwa Kireno sobremesa ni kitindamlo chenyewe, keki au matunda. Usije ukaomba mazungumzo ukaletewa sahani.

Mkahawani mhudumu hakuletei bili mpaka uiombe. Usimwone mzembe, kwani kuileta bila kuitwa ni kukuambia uondoke. Bili ikija huzuka mvutano wa nani alipe, au hugawanywa sawasawa bila kuhesabu nani alikunywa nini. Lakini katika miji mikubwa kama Madrid na Barcelona, mikahawa mingi sasa hugawa mchana kwa zamu mbili: wa kwanza huketi kama saa saba na nusu, wa pili saa tisa na nusu, na wa zamu ya kwanza huambiwa mapema saa ya kuachia meza. Wanaokuja kwa ajili ya mazungumzo huchagua zamu ya pili, njaa iwaume kidogo, maana baada yao hakuna anayeisubiri ile meza.