Je, Wajua Kwa Nini Lori la Mahindi Hujulikana Mpakani Kabla Halijafika?

Anayetazama foleni ya malori ya mahindi pale Malaba au Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, anaweza kudhani kwamba afisa wa forodha huchagua kwa macho lori lipi lifunguliwe na lipi liendelee na safari ya Eldoret au Nakuru. Kwa kweli uamuzi huo huanza kwenye kompyuta, pale wakala wa forodha anapotuma tamko la mzigo, nalo likasomwa na idara zaidi ya moja.

Kiini chake ni namba. Bidhaa zote zina misimbo iliyopangwa chini ya Shirika la Forodha Duniani, ikaanza kutumika mwaka 1988. Mahindi ya mbegu ni 1005.10, na mahindi mengine ni 1005.90. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini mbegu huenda shambani na ugonjwa wake hukaa huko. Wakulima wa Bomet, ambako MLN, ugonjwa wa virusi unaoua mahindi, ilionekana kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 2011, wanaujua uchungu huo. Kwa hiyo KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, huichunguza mbegu kwa ukali wa pekee. Mahindi ya kusaga nayo yana mtihani wake: kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu unyevu uzidi asilimia 13.5, wala sumu ya aflatoksini izidi sehemu 10 katika bilioni.

Zamani mwenye mzigo alibeba makaratasi kutoka ofisi hadi ofisi, na kila ofisi ilijua lake tu. KenTrade, shirika la serikali lililoundwa mwaka 2011, ndilo linalosimamia mfumo wa dirisha moja ambamo vibali huombwa na kutolewa kwa njia ya kielektroniki. Faida kubwa, kwa maoni yangu, si kuokoa muda. Mamlaka ya Ushuru huifahamu thamani ya mzigo na historia ya mwagizaji, ilhali wakaguzi wa ubora wanajua ni mzigo wa nani uliowahi kushindwa kwenye maabara; taarifa hizo zikikutana, shehena yenye mashaka huonekana, na ile ya mtu mwaminifu haicheleweshwi bure.

Lakini mfumo huamini kile ulichoandikiwa. Mahindi yakitajwa kuwa chakula cha mifugo kilichotayarishwa, ambacho msimbo wake ni 2309, huenda wanaopaswa kuyapima wasipate habari zake kabisa. Ndiyo maana kosa la msimbo, hata lisilo la makusudi, nalihesabu kuwa jambo zito: aflatoksini haionekani kwa macho wala haitoki kwa kupikwa, na kompyuta haiwezi kuipima. Inachoweza ni kumwelekeza mkaguzi achukue sampuli kwenye mzigo upi.